Thumni

Miaka ishirini na mmoja nilikaa nyuma ya mizani,
kituo cha karafuu, Wete, dirisha la pili.
Gunia lililotiwa maji usiku
nililijua kabla mwenye nalo hajanipa salamu:
unatia mkono mpaka kiwiko, unatoa punje, unaivunja.
Kavu hulia ta.
Yenye maji hujikunja, kimya.

Kwa hiyo msinicheke
nikiisoma ripoti ya kampuni kuanzia nyuma,
kule kwenye herufi kama mayai ya chawa,
rula chini ya mstari, miwani ya marehemu puani.
Mbele wameweka picha: mtambo wa mafuta ya makonyo unang'aa,
mwenyekiti anacheka.
Picha haipimwi.

Alipofariki Bwana Kombo, kadhi aligawa.
Mikarafuu mia moja na sitini; mjane, thumni: ishirini.
Nililijua langu kabla matanga hayajaondoka,
na hakuna kikao kitakachokaa Unguja
kikaamua thumni ni kitu kingine.
Nikauza mavuno ya vuli, nikanunua hisa mia nane.
Hisa! Neno lile lile la kadhi.
Ndilo lililonighilibu.

Ukurasa wa tisini na nne:
hisa za daraja la kwanza, kura kumi kila moja,
za Bwana Ghalib, nduguye, na mkwewe.
Hisa za daraja la pili, kura moja,
za mwalimu, za muuguzi, zangu.
Gawio sawa kwa sawa, wanasema.
Ndiyo. Sahani ni ya wote, mwiko kashika mmoja.

Ukurasa wa tisini na sita:
mwaka juzi hisa zote zilikuwa milioni kumi,
leo ni milioni kumi na nne.
Mia nane zangu hazijapungua hata moja.
Gunia ndilo lililotiwa maji.

Shaame, mjukuu wangu, kaja mbio na simu:
Bibi, bei imeanguka, uza!
Nikamwambia, kwanza niletee zile taarifa za wakubwa,
zinazosema nani kauza, lini, ngapi.
Kazichapisha dukani Jadida, mia mbili ukurasa.
Nimezipanga juu ya jamvi kwa tarehe.

Tarehe tatu: mkurugenzi wa fedha, kauza elfu tisini.
Tarehe tano: mke wa mkurugenzi wa fedha, elfu arubaini.
Tarehe kumi na tisa kampuni yatangaza, kwa masikitiko,
mnunuzi wa ng'ambo kavunja mkataba.
Na karatasi ya tarehe tatu?
Imepigwa muhuri tarehe ishirini na saba.

Siapi. Kuuza si kosa.
Daktari Time Bakar huuza elfu mbili kila Januari,
ada ya mtoto, mwaka wa sita huu,
na taarifa yake hutoka kesho yake. Hiyo karafuu kavu.
Faki wa tanuru, anayewakilisha wafanyakazi kwenye bodi,
kanunua mia tatu kwa mshahara wake
bei ilipokwisha anguka.
Sijui nimwite jasiri au nimwonee huruma.
Lakini zile mbili, ya tatu na ya tano,
nimezivunja, hazikulia.

Sasa Bibi, tuuze, tusiuze?
Sijui, baba. Bei ya kuuzia wameshaila wao.
Mkutano mkuu ni Alhamisi, ukumbini Chake.
Wameleta na fomu: tia saini hapa,
mwenyekiti atakupigia kura, wewe kaa nyumbani upumzike.
Fomu nimefungia ubani.
Asiyekuwepo na lake halipo.

Nitapanda gari la saa kumi na mbili na nusu,
buibui limepigwa pasi, kura mia nane mkobani
mbele ya mamilioni yao.
Nitashindwa; hesabu naijua.
Ila kipaza sauti kikinifikia, nitauliza moja tu:
Bwana, ile tarehe tatu,
wewe na mkeo mlikuwa mnajua nini?

Kisha nitanyamaza,
nisikilize kama jibu litalia.